Shangazi, Mahameli na Dakika Kumi na Moja

Tuambiane ukweli mapema tusije tukalaumiana baadaye: mwanamke huyu alikuwa mraibu. Pombe hakuigusa, tumbaku ilimpa mafua, na umbea aliupokea tu ukiletwa mpaka mlangoni. Uraibu wake ulikuwa gemu ya simu. Ile ya vipande vya rangi vinavyoanguka kutoka juu, nawe unavigeuza na kuvisukuma mpaka vikae sawa. Mstari ukijaa unatoweka, usipojaa vipande vinarundikana mpaka vinafika juu, mchezo umekwisha. Gemu yenyewe haina adui wala zawadi, haina kichwa wala miguu. Na kwa kitu hicho, mama mzima wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani ya kusomea na binti anayesomea uuguzi, aliwahi kuunguza sufuria tatu katika mwezi mmoja.

Kwenye karakana ya kushona alikofanya kazi walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa na sauti ya kutuma watu na moyo wa kuwahurumia baada ya kuwatuma. Ukimwambia unaumwa kichwa alikugombeza kwa kutokunywa maji, kisha akakuletea maji.

Ugonjwa wake ulianzia mguuni. Miaka minne nyuma aliteleza kwenye ngazi za nyumbani akavunjika kifundo, daktari akamfunga plasta ngumu na kumwambia asikanyage chini kwa wiki sita. Shangazi si mtu wa kukaa. Kufikia siku ya tatu alikuwa amekwisha kumwelekeza binti yake namna ya kufagia, namna ya kupika, namna ya kukunja nguo, na alikuwa anakaribia kumwelekeza namna ya kupumua. Binti akaichukua simu ya mama yake, akabonyezabonyeza, akamrudishia.

"Mama, cheza hiki. Nakuomba sana. Kwa usalama wetu sote wawili."

Plasta ilitoka. Gemu haikutoka.

Alicheza asubuhi akingoja maji yachemke. Alicheza kwenye foleni ya benki, akapitwa na zamu yake, akagombana na mlinzi. Mchana kazini, wenzake wakipiga soga, yeye aligeukia ukuta na kuinamisha kichwa, ukadhani anasali. Siku moja simu yenyewe ikamletea taarifa ambayo hakuiomba, kwamba wiki hiyo alikuwa ametumia saa kumi na tisa kwenye mchezo huo. Shangazi aliona kama amesengenywa na ndugu yake wa damu. Saa kumi na tisa! Na dada yake, anayekaa mitaa miwili tu kutoka kwake, alikuwa hajamwona tangu mwezi uliopita kwa sababu "hakuna nafasi." Akala kiapo kwamba anaacha. Akaacha Jumatatu, akaacha Jumanne, Jumatano akasema ngoja niangalie tu kama bado ipo.

Na lipo lililomuuma kuliko sufuria zote. Jioni moja binti yake aliingia bila hata kuvua viatu, akasimama mbele yake, akasema, "Mama, nimefaulu. Wamenipanga wodi ya watoto." Wakati huohuo kipande kirefu cha buluu, kile ambacho Shangazi alikuwa amekingojea kwa roho mkononi, kilikuwa kinashuka. Akajibu, "Mh, chakula kimo kwenye friji." Kesho yake binti alimwambia tena, ila safari hii alimwambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani, maana furaha yenyewe ilikwisha kutumika jana mbele ya mtu asiyeiona. Shangazi alimkumbatia, akaomba radhi, akalia machozi ya kweli. Kabla wiki haijaisha alikuwa amerudi kwenye vipande vyake. Hapo simtetei, na yeye mwenyewe hajitetei.

Lakini nikisema gemu ilimpotezea muda tu basi nitakuwa mwongo, na mwongo mwenye husuda.

Kwa miaka kumi na mmoja Shangazi alikaa pembeni kwenye karakana ile, akitia vifungo na kukata nyuzi. Kazi ya heshima pale ilikuwa ya mkataji. Mkataji ndiye anayesimama mbele ya meza ndefu, kitambaa kimelazwa tabaka juu ya tabaka, akapanga vipande vya nguo kwa chaki, mgongo hapa, mkono pale, kola kwenye kona, kisha akakata vyote kwa pamoja. Mshonaji akikosea unafumua. Mkataji akikosea hakuna cha kufumua. Na mkataji hodari ni yule ambaye akimaliza, mabaki ya kitambaa hayatoshi hata kufutia miwani.

Mkataji wa zamani alipoacha kazi akahamia kwa wanawe, bosi alijaribu watu watatu. Bosi mwenyewe ni mwanamke mwenye mikono mikubwa, aliyeanzia kwenye cherehani moja, na hapendi kuona kitambaa kikienda bure. Mchana mmoja alikuwa ameinama juu ya meza na yule mkataji wa tatu, mahesabu yamegoma, kitambaa kimepungua. Shangazi alikuwa anapita na kikombe chake. Akasimama. Akatazama meza kama mtu anayetazama chakula cha jirani.

"Hicho kigeuze," akasema. "Kisukume kule, kiingie kwenye shingo ya hicho kingine. Sasa hicho kidogo kiteremshe."

Wakakigeuza. Wakakisukuma. Kikaingia. Ukabaki upande mzima wa meza mtupu, umelala pale unawacheka.

"Nani alikufundisha haya?" bosi akauliza, ametoa macho.

Shangazi alimeza chai. Aseme nini, kwamba amejifunza akiwa amejifungia na simu? "Mama yangu," akasema. "Alikuwa fundi."

Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa hajui hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Lakini uongo ukishakaa mahali pake nao hugoma kutoka. Yule mkataji wa tatu akaondoka, Shangazi akapewa mkasi, chaki na meza, na tangu siku hiyo akawa anatembea karakanani mabega yakiwa juu kidogo. Kwa miezi mitatu hakukuwa na kitambaa kilichomshinda. Wenzake walikuwa wakisimama nyuma yake kumwangalia tu anavyopanga, macho nusu yamefungwa, kidole gumba kikichezacheza hewani. Nami nakwambia ilikuwa raha kumtazama.

Ndipo kwaya ikaleta mahameli.

Ilikuwa mahameli nzuri ya rangi ya damu ya mzee, na mwalimu wa kwaya alitaka vizibao thelathini, vile vya kuvaa juu ya shati, visivyo na mikono. Tatizo ni kwamba kitambaa alikinunua mwenyewe bila kumuuliza fundi, na karakana mbili zilikuwa zimekwisha kumwambia hakitoshi. Hapakuwa na kingine cha rangi ile, na kwaya ilikuwa inapanda jukwaani wiki hiyohiyo. Bosi naye alipima, akatikisa kichwa.

"Niachieni," akasema Shangazi.

Alilaza mahameli tabaka tano, uso chini mgongo juu. Alihitaji kupanga vizibao sita juu ya tabaka hizo, kila kizibao kina mgongo mmoja na vipande viwili vya mbele. Alipanga, akafuta chaki, akapanga tena. Karibu saa sita mchana akaanza kugeuza. Mgongo huu kichwa juu, wa pili kichwa chini, mbele ya kulia ikaingia katikati yao kama imezaliwa hapo. Kikakaa, kikakaa, kikakaa. Kilipokaa kipande cha mwisho, mafundi wote wakapiga makofi, na bosi, ambaye kwa kusifu watu ni mkono wa birika, akasema, "Shangazi, wewe ni balaa." Mabaki yote yaliingia kwenye mfuko wa sukari. Shangazi alienda nyumbani siku hiyo hakanyagi chini.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, vizibao vinane vya kwanza vikafika kwa mpiga pasi.

Mpiga pasi walimwita Mvuke. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mke na watoto wawili na mkosi wa kudumu. Aliwahi kuunguza kola ya gauni la bibi harusi, akaonywa. Akayeyusha vifungo vya makoti ya watu wa hoteli, akaonywa mara ya pili, na bosi akamwambia mbele ya wote kwamba ya tatu hataonywa. Kwa hiyo mahameli ile aliipiga pasi kwa adabu, kwa upande wa ndani, mvuke tu bila kuikandamiza. Akatundika vizibao dirishani, akarudi nyuma hatua mbili kuviangalia.

Kwenye kizibao cha kwanza upande wa kushoto wa kifua ulikuwa na rangi yake nzito, wa kulia umepauka kana kwamba umekaa juani mwaka mzima. Cha pili kifua kizuri, mgongo umepauka. Karibu vyote vilikuwa hivyo, nusu damu ya mzee, nusu chai ya juzi.

"Umeviunguza!" bosi alikuwa amefika. "Umekandamiza manyoya ya mahameli! Nilikuambia nini mimi? Nilikuambia nini?"

"Bosi, nisamehe." Sauti ya Mvuke ilikuwa ndogo. "Nilidhani sikukandamiza. Labda nilikandamiza. Lazima nilikandamiza."

Shangazi aliinuka mezani akaja kuangalia, kama wengine. Akashika kizibao kimoja. Akapitisha kiganja upande uliokolea, kutoka begani kwenda chini, kikakwaruza. Akapitisha upande uliopauka, vilevile kutoka begani kwenda chini. Kikateleza kama mgongo wa paka. Hakuhitaji kupapasa mara ya pili.

Mahameli ina manyoya, na manyoya yamelala upande mmoja. Ukikata kipande kichwa juu, rangi ni moja. Ukikikata kichwa chini, mwanga unaingia tofauti na rangi inakuwa nyingine. Kila mkataji duniani anajua kwamba mahameli haigeuzwi. Shangazi naye alijua. Alijua hata jana yake, chaki ikiwa mkononi, lakini vipande vilikuwa vinakaa vizuri mno, na vidole vyake vilikuwa na miaka minne ya kugeuza chochote kinachoshuka.

Bosi alikuwa bado anafoka. Mvuke alikuwa ameinamisha kichwa, anakubali kila neno. Na Shangazi, mwanamke wa sauti kubwa, Shangazi wa watu wote, akasema, "Naenda msalani mara moja."

Akajifungia. Akakaa juu ya kifuniko cha choo. Akatoa simu.

Nimesema simtetei. Alicheza. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anapoteza kazi kwa kosa lisilo lake, na yeye alikuwa anapanga vipande vya rangi, miezi mitatu ya meza na mkasi ikimpita akilini: atarudishwa kwenye vifungo, watamcheka, na yule mama yake fundi watamuulizia. Kibaya zaidi ni kwamba hakuwahi kucheza vizuri vile. Mistari ilitoweka miwili miwili, minne minne, mpaka akapita alama zake zote za zamani. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Alivitazama, akavichukia.

Kisha kitu kikakatika nje. Ilikuwa ile sauti ya pasi kubwa ya mvuke, sss, sss, inayolia kutwa nzima mpaka hamuisikii tena. Ilikuwa imezimwa. Mvuke hakuwahi kuizima kabla ya jioni. Shangazi alisimama na kufungua mlango, akaacha vipande vinajiangukia vyenyewe. Saa ya simu ilionyesha kwamba alikuwa amekaa mle dakika kumi na moja.

Akapiga moyo konde, akaenda mpaka katikati ya chumba.

"Bosi, muache huyo. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimevigeuza. Nusu nimekata kichwa juu, nusu kichwa chini. Pasi haina kosa. Papasa mwenyewe."

Bosi akapapasa. Akapapasa kingine. Akakaa kwenye kiti cha mshonaji.

"Wewe? Mahameli? Mtu aliyelelewa na fundi?"

"Mama yangu hakuwa fundi," akasema Shangazi. Maadamu amefungua mdomo, akaona amalize yote. "Nilikudanganya. Kupanga nimejifunza kwenye gemu ya simu. Kule kila kipande kinageuzwa, nikasahau kwamba hapa nakata mahameli."

Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Kisha fundi wa vifungo, yule aliyerithi kiti cha Shangazi, akashindwa kujizuia akaangua kicheko, na wawili watatu wakamfuata. Bosi hakucheka. Mvuke naye hakucheka; alikuwa amesimama na mfuko wake begani, anamtazama Shangazi kama hajaelewa lugha.

"Nifukuze kesho," Shangazi akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ileile ya kutuma watu. "Leo nipe meza. Fumueni hivyo vinane. Leteni kila kipande hapa, mpapase, cha kuteleza huku, cha kukwaruza kule."

Na hapa ndipo nataka mumtazame vizuri, maana mimi nimemsema vya kutosha. Wenzake walipokuwa wanatenganisha vipande, yeye alisimama kwenye kona ya meza, macho nusu yamefungwa, kidole gumba kinacheza hewani. Hakuna aliyecheka safari hii. Dakika mbili, labda tatu. Kisha akafungua macho.

"Vinavyoteleza vitatoa vizibao kumi na tano kamili. Vinavyokwaruza vitatoa kumi kamili. Kila kizibao rangi moja mwili mzima. Tutabakiwa na vitano vyenye mgongo wa kuteleza, mbele ya kushoto ya kuteleza, na mbele ya kulia ya kukwaruza."

"Na kitambaa hakuna," bosi akasema. "Ulikimaliza chote kwa ustadi wako."

"Kipo. Mgongo ni mpana kuliko mbele mara mbili. Chukua migongo hiyo mitano, ukate mbele za kulia ndani yake, kichwa juu. Migongo mipya tuishone kwa kitambaa chembamba cha bitana, kama vizibao vya mabwana harusi. Wanakwaya watano hao wasimame nyuma kabisa, mgongo ukutani."

Bosi alichukua kipande cha mgongo, akaweka juu yake karatasi ya kipimo cha mbele. Ikaenea. Akaisogeza kidogo, ikabaki nafasi ya mshono.

"Kata," akasema. "Mimi nimesimama hapahapa."

Walishona mpaka jua likakaribia kuzama. Mwalimu wa kwaya alipigiwa simu akaambiwa yote bila kufichwa. Akaja, akapapasa, akanung'unika, kisha akasema vile kumi vilivyokolea atawapa wenye sauti nzito. Kuhusu kufukuzwa, bosi alisema neno moja tu wakati anavaa koti lake: "Kuanzia leo, kitambaa chenye manyoya hukikati kabla sijakipapasa mimi." Mkasi ukabaki kwa Shangazi.

Wengine wakaondoka. Mvuke alikuwa anaviringisha waya wa pasi. Shangazi alimwendea, akasimama upande wa pili wa meza yake.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, Shangazi. Umesema mwenyewe, watu wangapi wangesema?"

Angeweza kuyaacha hapo. Mtu yeyote angeyaacha hapo.

"Hayajaisha," akasema. "Nilijua tangu niliposhika kile kizibao. Nilipoenda msalani nilikuwa nimeshajua. Nilikaa mle nikicheza gemu, nikakuacha ukisemwa. Dakika kumi na moja."

Mkono wa Mvuke ukasimama juu ya waya.

"Ndizo dakika nilizompigia simu mke wangu," akasema. "Nilimwambia nimeharibu tena. Nimefukuzwa. Akaniuliza, kwani lini hukuharibu?" Akamaliza kuviringisha waya, akauweka chini taratibu. "Nami nikamjibu, kweli. Sijampigia tena, Shangazi. Nikimwambia halikuwa kosa langu, ataona natafuta maneno."

Mvuke akatoa simu yake, akabonyeza, akamnyooshea. "Mwambie wewe."

Ikaita. Ikapokewa. "Haya," sauti ya mwanamke ikasema, imechoka, watoto wanalia nyuma yake. "Wamekupa barua?"

"Mama, mimi si mumeo. Mimi ndiye mkataji wa hapa, hunifahamu." Shangazi alijikaza kisabuni, lakini sauti ilimponyoka. "Kazi iliyoharibika niliiharibu mimi. Mumeo hakuunguza kitu. Aliipiga pasi vizuri kuliko mtu yeyote, na nilijua hivyo wakati anakupigia, nikanyamaza."

Upande wa pili watoto walikuwa wametulizwa.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe."

Shangazi akampa simu, akageuka kutafuta mkoba wake ili asiwe anawasikiliza. Mvuke aliiweka sikioni. Alisimama akisikiliza, akisikiliza, na kwa mkono wa pili akachukua kile kitambaa cheupe cha kupigia pasi, akajifuta uso.